Mgonjwa Haulizwi Uji?

Wahenga walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni wazi kwa kila mtu aliyepata kuuguza. Ukisimama mlangoni na kumwuliza mgonjwa, "Je, utakunywa uji?" atakataa, kwa kuwa ugonjwa umemwondolea hamu. Basi mpikie, ukae karibu naye, umnyweshe. (Hapa kwetu Kakesio ingefaa kusema haulizwi maziwa, lakini maana ni ile ile.) Mithali hii ni ya huruma, wala sina nia ya kuitukana. Walakini nimeisikia ikipelekwa mahali ambapo wahenga, nadhani, hawakuipeleka, yaani juu ya mtu aliyeugua akili. Akikataa kwenda hospitali, watu husema mgonjwa haulizwi uji, naye hufungwa kamba. Akikataa vidonge, hutiwa kwa siri katika chai yake, na mithali ni hiyo hiyo. Akiuliza ng'ombe wake wamekwenda wapi, hajibiwi, kana kwamba mgonjwa wa namna hii haulizwi neno wala hajibiwi neno. Hivyo ule uji wa wahenga umegeuka kamba mikononi mwetu.

Wapenzi wasomaji, swali ninalotaka tulifikiri pamoja ni hili: mtu akipotewa na akili, ni nani mwenye haki ya kuamua kwa ajili yake, naye ataamua kwa kipimo gani? Mimi ni mwalimu tu, si daktari. Lakini swali lenyewe si la madaktari peke yao. Katika nchi kama hii yetu huliamua mwuguzi wa zahanati, pamoja na mama wa mgonjwa, na mjomba, na jirani mwenye pikipiki. Daktari yuko mbali. Kutoka hapa kwenda hospitali ya Endulen ni safari. Na kwenda Mirembe, Dodoma, ni safari ya kuuza ng'ombe. Mengi yamekwisha kuamuliwa kabla mgonjwa hajafika mbele ya mtu aliyesomea maradhi hayo, tena mara nyingi yameamuliwa usiku, kwa hofu.

Wako watu wafungao, na wako watu waachao. Wafungao tunawajua. Waachao ni wale wasemao, "Mwacheni, ndivyo alivyo." Mgonjwa hutembea toka gulio hata gulio, nguo zimemwisha mwilini, watoto wakimtupia mawe, na watu husema kwamba hawataki kuingilia mambo yake. Huonekana kuwa wamemwachia uhuru wake. Lakini mtu akimbizwaye na sauti aisikiayo peke yake ana uhuru gani? Mfungaji hukosa kwa kuwa hakuuliza, na mwachaji hukosa kwa kuwa amekataa kuamua. Tena wote wawili waweza kuwa watu wema wampendao ndugu yao, na hiyo ndiyo sababu jambo hili ni gumu. Lingekuwa jambo la wema na wabaya, lisingehitaji kuandikiwa.

Nchi yetu haikuanza jana kulitafuta jibu. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, Wamisionari wa Kijerumani walijenga nyumba mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa katika utumwa. Mwaka 1904 nyumba ile ilianza kupokea wenye maradhi ya akili, nayo hutajwa kuwa hospitali ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika ya Mashariki. Nairobi walifungua nyumba ya Mathari mwaka 1910, na Mirembe yetu ya Dodoma ilifunguliwa mwaka 1927. Katika miaka ile nyumba za namna hii, hapa na Ulaya pia, zilikuwa za kulinda kuliko kuponya, kwa kuwa dawa ya kutuliza wazimu haikuwako. Dawa ya kwanza iliyofaa kweli, klopromazini, ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952. Miaka miwili baadaye Mwafrika mwenzetu, Dakitari Thomas Adeoye Lambo wa Nijeria, alianza huko Aro, karibu na mji wa Abeokuta, desturi ya kuwaweka wagonjwa katika nyumba za wanavijiji pamoja na ndugu zao, wakaenda kutibiwa hospitali mchana na kurudi jioni. Nasi Tanzania baada ya uhuru tulijaribu vijiji vya kilimo kwa wagonjwa, kama kile cha Hombolo karibu na Dodoma. Napenda sana lile wazo la ndugu kukaa na mgonjwa. Ndugu ndiye amjuaye mtu huyu alivyokuwa kabla ya kuugua. Ng'ombe wake anawajua, na anajua pia kama zamani alikuwa mwenye kucheka au mwenye kunyamaza. Mwuguzi asipomwuliza ndugu, atamjua mgonjwa kuanzia siku aliyoletwa akiwa amefungwa, kana kwamba alizaliwa siku ile.

Basi, habari ya kutazama. Tunasoma katika kitabu cha kwanza cha Samweli jinsi kuhani Eli alivyomtazama Hana akiomba. Aliona midomo inatikisika na sauti haisikiki, akaamua mara moja kwamba mwanamke yule amelewa, akamkemea. Hana akamjibu kwa heshima kwamba hakunywa kitu, ila ana huzuni rohoni. Eli akageuka, akambariki. Watu husoma habari hii kwa ajili ya Hana. Mimi naona yafaa isomwe pia kwa ajili ya Eli, maana alikuwa mzee mwenye cheo, mzoefu, naye alikosa. Lakini baada ya kusikia, aliacha neno lake la kwanza. Nadhani kazi yote ya kumpima mgonjwa wa akili imo katika kule kugeuka kwa Eli.

Tuseme kijana mchungaji ameletwa zahanati usiku, ndugu watatu wamemshika, anapiga kelele. Mmoja asema ni bangi, mwingine asema amerogwa, wa tatu asema ukoo wa mama yake wana wazimu tangu zamani. Mwuguzi asiye makini atachagua neno mojawapo kati ya hayo matatu. Mwuguzi mwema atauliza kwanza: Hali hii ilianza lini? Ilikuja kwa siku mbili au kwa miezi? Mwili una joto? Alianguka, au alipigwa kichwani? Anajua mahali alipo? Fahamu zake huja na kupotea katika siku moja, na usiku huzidi? Kama ndivyo, na hasa mwili ukiwa wa moto, yaelekea ugonjwa uko mwilini nao umeuvuruga ubongo: malaria kali, au homa ya uti wa mgongo, au sukari imeshuka katika damu, au ni mlevi wa siku nyingi aliyeacha pombe kwa ghafula. Mtu huyu hahitaji safari ya Dodoma. Akifungwa garini kwa safari ya siku mbili kwa jina la kichaa, huenda wakafikisha maiti. Bali ikiwa mwili ni baridi, siku anazijua, mahali anapajua, na mambo yalianza pole pole, akiacha rafiki zake, akiacha kunawa, akisikia watu wakimsengenya mahali pasipo watu, huo ni ugonjwa mwingine, na dawa yake ni nyingine.

Tena kuna mama aliyejifungua. Katika majuma ya kwanza baada ya uzazi wanawake wengine, si wengi, hushikwa na wazimu wa ghafula: hawalali, husema maneno ya ajabu juu ya mtoto, hucheka na kulia katika saa moja. Wazee wengi husema ni uchungu wa uzazi, utapita. Hilo si la kungoja. Asiachwe peke yake na mtoto hata kidogo, na apelekwe hospitali siku ile ile. Akitibiwa, wengi hupona kabisa.

Na yuko mgonjwa ambaye hakuna amletaye, naye ni yule mkimya. Kwa mwenye kelele pikipiki hupatikana usiku wa manane. Mwenye kunyamaza, aliyeacha kula, ambaye hatoki tena kwenye nyumba hata kuwatazama ndama, husemwa kuwa mvivu, au kwamba amejitenga. Kwa macho yangu huyu ndiye mgonjwa wa kumwogopea zaidi. Watu huogopa kumwuliza kama anafikiri kujiua, wakidhani swali litampandia mbegu ya wazo hilo. Waliochunguza jambo hili wameona kwamba kuuliza hakupandi mbegu hiyo, na mara nyingi aliyeulizwa huona nafuu, kwa kuwa amekuwa akiubeba mzigo ule peke yake. Huko Zimbabwe, tangu mwaka 2006, Dakitari Dixon Chibanda amewafundisha bibi wazee kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kusikiliza watu wenye huzuni ya namna hii, hatua kwa hatua. Mwaka 2016 matokeo ya uchunguzi wa kazi hiyo yalitangazwa, ikaonekana kwamba waliokaa na bibi walipata nafuu kuliko waliotibiwa kwa njia ya kawaida. Bibi hatukosi hapa kwetu, na kivuli cha mgunga chatosha kuwa benchi.

Jambo moja la kutazama limo katika desturi zetu wenyewe, nami sijaliona katika kitabu. Kwa Wamasai kijana akikutana na mzee huinamisha kichwa, na mzee huweka mkono juu yake. Mwuguzi anapoletewa kijana asemwaye kuwa amepotewa, mzee mmoja na amkaribie na kumwamkia kama siku zote. Je, kijana huinama? Akiinama, hata kama ulimi wake unasema mambo ya ajabu, basi mtu yumo humo ndani, amesikia, na heshima anayo. Huyu yawezekana kuongozwa kwa maneno, na kamba ni haraka. Asipoinama, hatujui bado, maana huenda hakuona, au anaogopa. Lakini walau ameamkiwa. Wengi huletwa na kurudishwa bila mtu hata mmoja kuwaamkia.

Sasa nije kwenye kipimo, ambacho ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Nasema hivi: aamuaye kwa ajili ya mgonjwa wa akili aamue kama mtu atakayeulizwa, na atakayemwuliza ni mgonjwa mwenyewe siku atakapopata nafuu. Watu hudhani mwenye wazimu hajui atendewayo. Si kweli. Wengi hukumbuka, pengine si yote, lakini hukumbuka. Humkumbuka aliyewapiga, na aliyewafunika nguo. Humkumbuka aliyecheka. Katika kitabu cha Danieli mfalme Nebukadneza alikula majani kama ng'ombe, kisha fahamu zake zikamrudia. Na sehemu kubwa ya habari ile imeandikwa kama maneno yake mwenyewe, akisema nilifanywa hivi, na nilikuwa hivi. Aliyekuwa mgonjwa ndiye shahidi. Hivyo kila tendo tutendalo wakati wa wazimu wa mtu tunalitenda mbele ya shahidi.

Katika Ufaransa alikuwako mtu aitwaye Jean-Baptiste Pussin. Hakuwa daktari. Alikuja katika hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, akiwa mgonjwa wa matezi, akatibiwa, akabaki kufanya kazi, hata akawa msimamizi wa wagonjwa wa akili. Wagonjwa wale walifungwa minyororo. Mwaka 1797 Pussin aliiondoa. Sifa za jambo hilo alipewa zaidi daktari Philippe Pinel, aliyefanya kazi naye na kujifunza kwake, na picha zilizochorwa baadaye zamwonyesha Pinel. (Ndivyo ilivyo duniani, mwuguzi hutenda na daktari huchorwa.) Lakini nimemtaja Pussin kwa jambo jingine: alipotafuta watumishi wa kuwatunza wagonjwa, alipenda kuwachagua watu waliokuwa wagonjwa mle mle wakapona. Alijua kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyepata kufungwa mnyororo hawezi kusema kwamba mfungwa hajui.

Msomaji aweza kuniuliza, "Je, Mwalimu, wataka tusimshike mtu kamwe?" La, sivyo. Kijana akisimama na sime juu ya ndugu yake aliyelala, ashikwe, na ashikwe upesi. Hapa ndipo naona kwamba kipimo changu kinakata pande zote mbili. Kwa maana kijana yule akipona, na ndugu yake amekwisha kuzikwa, atatuuliza swali lililo zito kuliko yote, "Mbona hamkunizuia?" Wale waachao nao watajibu. Aliyetembea uchi gulioni miaka mitatu, akipata dawa na kuvaa nguo, huwatazama watu wa gulio lile na kujiuliza kwa nini katika miaka mitatu hakuna aliyeamua neno. Kumwacha nako ni kuamua.

Basi tofauti iko katika yale tuwezayo kumwambia usoni. Tuseme amepona, amekaa mbele yetu, nasi twamwambia, "Usiku ule ulikuwa na sime. Tulikushika watu wanne. Tulikulaza ubavu, hatukukulaza kifudifudi, maana alazwaye kifudifudi na kukandamizwa huweza kukosa pumzi akafa. Tulikufunga kwa shuka, si kwa waya, tukatazama vidole vyako visife ganzi. Mjomba wako alikaa nawe usiku kucha akikutajia jina lako. Ulipolala tulikufungua." Maneno haya huenda yasimpendeze. Huenda akakasirika. Lakini yanasemeka. Sasa jaribu kusema haya mengine, "Tulikufunga kwenye mti siku tisa, watoto wakikutazama, kwa kuwa tulikuwa na kazi nyingine." Hakuna awezaye kuyasema mbele ya mtu mwenye akili zake, na asemaye kwamba wakati ule hakuwa na akili zake hajajibu kitu, maana mwenye mikono na ngozi na aibu ni yule yule.

Nacho kile kidonge cha siri katika chai? Nimekifikiri sana, kwa kuwa ni akina mama wafanyao hivyo, tena kwa upendo. Lakini mgonjwa wa namna hii mara nyingi tayari anaamini kwamba watu wanamtilia sumu. Siku atakapogundua, mama yake atakuwa ameigeuza hofu ya wazimu kuwa kweli. Tangu siku ile hatakunywa chai ya mkono wowote, na kidonge chenyewe hakitakubaliwa tena. Pengine iko saa moja ya hatari ambayo hata hili lingesemeka usoni; lakini kuwa desturi ya kila asubuhi, silioni.

Serikali nayo imeliangalia jambo hili. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 yaeleza namna mtu awezavyo kupelekwa hospitali pasipo hiari yake. Mwaka 2009 Tanzania iliuridhia mkataba wa mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na mwaka 2014 kamati ya mkataba huo ilieleza kwamba desturi ya mtu mwingine kuamua badala ya mgonjwa yapasa kuachwa, ili badala yake mgonjwa asaidiwe kuamua mwenyewe. Wako wasomi wanaoona neno hilo limepita kiasi. Mimi, kwa saa ile ya sime, siwezi kwenda na kamati hata mwisho. Lakini saa ya sime ni chache mno. Mwaka una siku 365, na mgonjwa huweza kuwa na siku tano za hatari. Katika siku 360 zilizobaki kamati ina haki, nasi tunaendelea kumtendea kama siku zile tano hazikwisha. Haulizwi tena habari ya ndoa yake, haulizwi ng'ombe wauzwe au wasiuzwe, na katika baraza akisema neno watu hutazamana.

Habari ya dawa yaonyesha jambo hili vizuri. Dawa za kutuliza wazimu ni msaada mkubwa, wala asije mtu akatumia maneno yangu kuwa sababu ya kuziacha. Lakini zina mambo yake. Nyingine hukaza viungo, mtu akatembea kama mti, nyingine humtetemesha mikono na kumtoa mate, nyingine humlaza. Klopromazini humfanya ngozi yake kuungua upesi juani. Sasa fikiri mchungaji wa Kakesio, ambaye kazi yake yote ni juani, na ambaye akisinzia mchana fisi hasinzii. Akiacha vidonge, watu husema, "Mwaona? Wazimu umemrudia, akataa dawa." Huenda wazimu haujarudi. Huenda ameamua kwa akili timamu kabisa kwamba hawezi kupoteza ndama kila juma. Mwuguzi asiyemwuliza habari ya kazi yake ataongeza dawa. Amwulizaye atamwambia anywe usiku, au ampunguzie kwa shauri la daktari, au atafute dawa nyingine, au ile sindano ya kila mwezi. Hapo kuuliza kumekuwa sehemu ya matibabu, wala si adabu tu. Anayeweza kutuambia kama dawa inafaa ni yeye aliye nayo mwilini.

Nijuavyo mimi, neno gumu kuliko yote dhidi ya kipimo changu ni hili: wengine hawaponi. Watasema, "Huyu hatatuuliza kamwe, basi hatuna deni." Nakubali kwamba wako wagonjwa ambao fahamu zao hazirudi kama zilivyokuwa. Lakini ni nani ajuaye usiku wa leo kwamba huyu ndiye mmojawapo? Wengi waliotupwa katika hesabu hiyo walitoka ndani yake dawa ilipopatikana. Na yule asiyerudi kweli kweli, hata yeye ana saa zake: siku moja katika mwezi atakutazama na kukuita jina lako sawasawa. Mwuguzi aliyekaa na wagonjwa miaka mingi anazijua saa hizo. Zatosha kwa swali.

Kwa sisi Wakristo wa nchi ya Wamasai kuna jambo ambalo siwezi kulipita. Akina mama wengi hapa waliingia kanisani kwa njia ya ugonjwa uitwao orpeko. Mwanamke hudhoofika, halali, huota vibaya, hutetemeka, pengine huanguka. Ndugu husema ni roho imemshika. Laiboni hakuweza kuiondoa. Akaenda kanisani, akaimbiwa, akaombewa, akabatizwa, akapona. Msomi wa Marekani, Dorothy Hodgson, ameandika juu ya habari hizi, akaona kwamba ugonjwa huu wahusiana na mizigo iliyowaelemea wanawake katika miaka ya mageuzi. Mimi siwacheki walioponywa hivyo. Mwanamke aliyekuwa peke yake nyumbani amepata kusanyiko linalomwita kwa jina jipya na kumngoja kila Jumapili. Hata asiyeamini angekubali kwamba hiyo ni dawa. Mwuguzi atakayemcheka amepoteza kazi yake kabla hajaianza.

Lakini kati ya wale watetemekao na kuanguka wako wenye kifafa. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, hakiambukizi kwa mate wala kwa kugusa, na vidonge vyake, kama fenobabitali, vikiachwa kwa ghafula, huweza kuleta degedege lisilokoma, mtu akafa. Huko Mahenge, tangu miaka ya 1960, Dakitari Louise Jilek-Aall aliwatibu watu wa kifafa waliokuwa wametengwa na jamaa zao, wengi wana makovu ya moto, kwa kuwa walianguka jikoni na watu wakaogopa kuwagusa. Basi mwanamke aliyeombewa na kuambiwa, "Sasa umepona, tupa vidonge," kisha akaanguka motoni peke yake, akituuliza tutamwambia nini? Kwamba imani yake ilikuwa ndogo? Aombewe na anywe. Sijaona andiko linalokataza, na wachungaji kadha wa kadha hufundisha hivyo hivyo.

Tukimsoma Marko, yule mtu wa makaburini alifungwa minyororo mara nyingi kabla ya siku ile, na watu wa mji, yaonekana, walikuwa wameshachoka. Katika yote aliyotendewa, ninaloliona mimi ni kwamba aliulizwa jina lake. Kisha alipokuwa amekaa, amevaa nguo, na akili zake zimemrudia, watu wa mji waliogopa. Imenichukua muda kuielewa hofu ile. Huenda waliogopa muujiza. Huenda pia walikumbuka minyororo.

Kwa hiyo natoa shauri dogo, ambalo wauguzi wa mahali pengine wameanza kulifanya, na halihitaji fedha. Mgonjwa akipata nafuu, asiachwe aende zake tu kwa furaha. Baada ya mwezi mmoja au miwili, aitwe, akae na mwuguzi, na mama yake, na mzee mmoja amwaminiye, apewe maziwa, kisha aulizwe, "Ugonjwa huu ukirudi, wataka tukufanyie nini?" Majibu yake yaandikwe katika daftari la zahanati, na nakala ikae nyumbani kwake. Atasema mambo ambayo hakuna mwingine angeyajua. Atasema kwamba dalili ya kwanza ni kukosa usingizi siku tatu, basi wasingoje ya nne. Atasema aitwe mjomba, wala asiitwe kaka yake mkubwa, kwa kuwa kaka humpigia kelele. Atasema kama ni lazima kumfunga, mkono wa kushoto uachwe, maana uliwahi kuvunjika. Atasema sindano ni afadhali kuliko vidonge, au kinyume chake. Na ng'ombe wapelekwe kwa shangazi yake, wahesabiwe mbele ya watu wawili, na hesabu iandikwe papo hapo katika daftari lile lile.